Mawazo ya Karani: Kijana Anayetaka Kuukimbilia Moto

Juma hili nataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi wetu huikumbuka siku ya msiba tu, kisha msiba ukipita twaisahau, kama mtu asahauvyo mwavuli jua liwakapo. Kazi hiyo ni ya askari wa zimamoto, pamoja na wale wote wanaofika kwanza mahali pa ajali ili kuwaokoa watu. Hasa nataka kusema juu ya vijana wetu wa Meru na Embu wanaoitamani kazi hiyo, na sababu zinazowavuta. Nimeona kwamba wazazi wengi hawazielewi sababu hizo, na pengine vijana wenyewe hawajazipima sawasawa.

Mimi ni karani, na sehemu kubwa ya kazi ya karani ni kusoma barua za watu. Nafasi za kazi zinapotangazwa, barua huja kwa mafungu, nami huzipanga na kuziandika katika daftari. Nyingi hufanana kama punje za gunzi moja. Mwombaji husema kwamba amemaliza kidato cha nne, ana afya njema na tabia njema, naye yu tayari kufanya kazi yoyote atakayopewa. Hayo si makosa, maana mtu mwenye njaa hachagui chungu. Lakini mara moja moja hutokea barua ambayo mwandishi wake ameeleza kwa nini anaitaka kazi hii wala si nyingine, na barua ya namna hiyo humfanya karani aweke kalamu chini na kuisoma mara ya pili.

Barua moja ya namna hiyo ilitoka kwa kijana wa upande wa Embu. Jina lake na kijiji chake nitavificha, nami nitasema kiini cha habari yake tu. Alieleza kwamba jirani yao alikuwa akiuza petroli ya pikipiki kwa chupa, naye huiweka nyumbani ndani ya madumu. Jioni moja dumu lilianguka karibu na jiko, na nyumba ikashika moto. Watu walipiga mayowe. Kijana huyo akaja mbio na ndoo ya maji, akayamwaga yote juu ya petroli iliyokuwa ikiwaka. Moto haukuzimika. Petroli ilielea juu ya maji, ikatiririka nayo sakafuni huku ikiwaka, mpaka ikaufikia mlango wa chumba walimokuwamo watoto. Kwa bahati ukuta ulikuwa wa mbao, ukabomolewa, na watoto wakatolewa wazima. Mama yao aliungua mikono, na majirani kwa huruma wakampaka dawa ya meno.

Kijana aliandika kwamba siku ile alikuwa na nguvu, alikuwa na mbio, alikuwa na ndoo, na moyo pia alikuwa nao. Alichokosa ni maarifa. Alisema hataki kusimama tena mahali kama pale akiwa katika hali ile. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa ya kutaka kuwa askari wa zimamoto, na mimi katika miaka yangu ya kusoma barua sijaona sababu iliyo bora kuliko hiyo.

Tuipime, ndugu msomaji. Wako vijana wanaovutwa na gari jekundu, king'ora na kofia ya chuma. Siwacheki, maana hata mwalimu mzuri pengine alianza kwa kuipenda chaki. Wako wanaovutwa na mshahara wa kila mwezi, na hao pia siwalaumu, kwa kuwa ada za wadogo zao hazilipwi kwa sifa. Walakini siku ya moto, kofia haimwingizi mtu katika moshi, wala mshahara haumwingizi. Na siku zisizo na moto, ambazo ndizo nyingi, sifa haimwamshi mtu alfajiri kuosha gari, kukunjua mipira ya maji na kuikausha, kupima pumzi iliyomo katika mitungi, na kurudia mazoezi yale yale aliyoyafanya jana. Kijana aliyekwisha kuonja uchungu wa kutojua la kufanya huyafanya mazoezi hayo bila kusukumwa, maana anajua yanampeleka wapi.

Sababu hiyo si ngeni katika nchi yetu. Wazee wa Meru watakumbuka habari za gaaru, ile nyumba walimolala vijana wa rika la nthaka, yaani rika la askari. Walilalaje pamoja badala ya kutawanyika kila mtu nyumbani kwa mama yake? Walikuwa ulinzi wa nchi, na sauti ya hatari ikilia usiku, ilipasa waamke pamoja na kwenda pamoja. Kila mtu alijua mahali pake, kwa kuwa alikwisha kufundishwa na waliomtangulia. Siku hizi gaaru hakuna, na vijana wametawanyika, wengine mjini, wengine katika biashara ya miraa, wengine juu ya pikipiki. Yowe la hatari limebaki, ila sasa linalia katika simu. Nionavyo mimi, kituo cha zimamoto ndicho gaaru ya siku hizi. Ni mahali ambapo vijana wachache wamewekwa tayari kwa ajili ya wengi, nao wamefundishwa kabla yowe halijalia.

Kwamba vijana wetu wana moyo, hilo halina shaka. Tukumbuke tarehe 24 Julai 2022, siku ya Jumapili jioni, ambapo basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, pale kwenye daraja ambalo kila mwenye kupita barabara ya Embu na Meru hulijua kwa mteremko wake na kona yake. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wakazi wa karibu walikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuokoa, pamoja na polisi na watu wa Msalaba Mwekundu. Bonde lile ni la mawe na mwinuko mkali, na kumpandisha mtu aliyevunjika kutoka chini hadi barabarani si kazi ya lele mama.

Hapa pana jambo la kufikiri. Mtu aliyevunjika shingo au uti wa mgongo, akivutwa kwa mikono na miguu kama gunia la viazi, anaweza kupooza maisha yake yote, ingawa waliomvuta walimpenda. Mwenye kufundishwa humwacha alipo kama hapana moto wala maji yanayomtishia, humshika kichwa kisigeuke, na hungoja machela. Huanza na anayetoka damu nyingi, akaukandamiza mkono juu ya kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia. Wala hadanganywi na kelele, kwa kuwa mwenye kulia kwa sauti angali anavuta pumzi, na mara nyingi aliye kimya ndiye wa kukimbiliwa kwanza. Mambo hayo si makubwa, nayo yaweza kufundishwa kwa siku chache. Bila mafundisho hayo, mtu mwema aweza kumdhuru yule yule aliyetaka kumponya.

Jirani zetu wa Tanzania walipata somo kama hilo mwaka huo huo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa wa kwanza kuifikia, na miongoni mwao alikuwamo kijana Majaliwa Jackson, ambaye jina lake lilitangaa nchi nzima. Serikali ya huko ilimpa shilingi milioni moja, na tena Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu wengi walizungumza juu ya zile fedha. Mimi niliona kwamba agizo la pili lilikuwa na hekima zaidi, kwa sababu fedha huisha, lakini kijana mwenye moyo akipelekwa mahali pa kufundishwa, moyo wake utawafaa watu wengine ambao bado hawajapatwa na msiba.

Basi ni maarifa gani hayo ayapatayo askari wa zimamoto? Yako mengi, nitataja machache ambayo hata mkulima na karani yawafaa. Moto huhitaji vitu vitatu, navyo ni kitu cha kuungua, joto la kutosha, na hewa. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Sufuria ya mafuta ikishika moto jikoni, usiitie maji, maana maji hugeuka mvuke ghafula na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima jiko ukiweza, ifunike sufuria kwa kifuniko, na iache ipoe. Moto wa umeme usiumwagie maji kabla ya kuzima swichi kuu. Nyumba ikijaa moshi, tambaa chini, kwa maana hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Wengi wanaokufa katika nyumba inayoungua huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Na mtu aliyeungua, mpooze kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, usimpake dawa ya meno, wala siagi, wala majivu, kisha mpeleke hospitali.

Askari wa zimamoto hufundishwa pia kuzuia moto usianze, na sehemu hii ya kazi yake haina picha magazetini. Tuna methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Wahenga waliisema ili kuwafariji waliofiwa, nasi tumeigeuza kuwa kisingizio. Usiku wa tarehe 26 Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, bweni lilichomwa moto na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Je, ajali ile haikuwa na kinga? Kinga ilikuwa mlango unaofunguka na dirisha lisilo na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha mashauri ya usalama shuleni, nacho chaagiza kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo mwezi Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha huko Nyeri, ng'ambo tu ya mlima wetu. Shule za bweni zimejaa Meru na Embu. Mzazi apelekaye mtoto na sanduku na godoro, na aulize pia bweni lina milango mingapi na ufunguo hukaa kwa nani usiku. Si utovu wa adabu kuuliza.

Na tusisahau Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kijana aliyefundishwa angewaambia warudi nyuma, wasiwashe kitu, wasivute sigara. Malori ya mafuta hupita barabara zetu pia kila siku, na madumu tunayo.

Tena tunao mlima. Mwezi Machi 2012 moto uliunguza maelfu ya ekari katika Mlima Kenya, na kuuzima kulihitaji askari wa wanyamapori, watu wa misitu, wakazi waliojitolea, na hata askari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 2019, wakati wa kiangazi, moto ulirudi tena. Huko juu gari la zimamoto haliendi. Watu hupanda kwa miguu, hukata mkuza mpana usio na majani ili moto ufikapo ukose chakula, na huupiga kwa matawi mabichi. Rupingazi, Thuci, Nithi na Kathita zote zachimbuka katika mlima huo. Mkulima wa majani ya chai au wa kahawa asidhani kwamba moto wa kule juu haumhusu, maana maji yake ndiko yatokako.

Juzi nilizungumza na mzee mmoja wa Imenti, mkulima wa kahawa, ambaye mwanawe ameomba kazi hii. Aliniambia kwa uchungu, “Karani, mwanangu, mimi nimeuza kahawa kwa miaka minne nikilipa ada ili kijana huyu aketi ofisini kama wewe. Sasa ataka kwenda kuungua.”

Nikamjibu, “Mzee, nyumba yako ikishika moto usiku utamwita nani?”

Akasema, “Nitawaita majirani.”

“Na majirani wakija na ndoo, wasijue huo ni moto wa namna gani?”

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, “Huko wanapewa viatu vizuri?”

Swali lile limekaa nami tangu siku hiyo, maana ndani yake mzee alikuwa amekwisha kumtoa mwanawe, akawa sasa anatafuta wa kumlinda. Swali hilo lawahusu wenye mamlaka. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kuzima moto na kukabili maafa imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo Meru, Embu na Tharaka-Nithi hazina wa kumtupia lawama hii. Mwananchi ana haki ya kuuliza, bajeti inaposomwa, tuna magari mangapi ya zimamoto na mangapi yanatembea. Yakifika sokoni yatapata maji wapi. Na askari wetu wana viatu, makoti yasiyoshika moto, na mitungi ya hewa ya kuvaa mgongoni. Kumtuma kijana ndani ya moshi bila mtungi wa hewa ni sawa na kumtuma mtu mtoni asiyejua kuogelea, kisha kuja kumsifu katika mazishi. Tena gari likichelewa kufika, tusiwapige mawe askari waliomo, kama iliyo desturi mbaya ya baadhi yetu. Wao hawakununua gari wala hawakutengeneza barabara, nao ndio wanaoingia.

Kwako kijana unayesoma ukurasa huu, nina maneno machache. Nafasi ni haba, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti haiwezi kuwaajiri wote wanaoomba. Walakini sababu yako ikiwa ni ile ya kijana wa Embu, huhitaji kungoja barua ya kuajiriwa ndipo uanze. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, hufundisha huduma ya kwanza na hupokea watu wa kujitolea. St John Ambulance imekuwa nchini tangu mwaka 1928, nayo hufanya vivyo hivyo. Mwendesha pikipiki, wewe hasa nakusemesha, kwa kuwa mara nyingi ndiwe ufikaye kwanza penye ajali, na mara nyingine ajali ni ya mwenzako. Jifunze kuzuia damu, jifunze kumlaza vizuri mtu aliyezimia, jifunze kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Iandike namba 999 na 112 za polisi na hatari, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, mahali ambapo hata mtoto ataiona. Ukipiga simu, sema mahali kwa alama inayojulikana, kama daraja, shule au soko, usiseme tu “hapa barabarani.” Tena ujue kwamba Katiba yenyewe, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Umfikishapo majeruhi hospitalini, usikubali kurudishwa mlangoni.

Na ukiandika barua ya kuomba kazi ya zimamoto, usiseme tu kwamba una afya njema. Eleza ulichokiona, eleza ulichokosa siku ile, na eleza umejifunza nini tangu hapo. Karani atakayeifungua ataisoma mara mbili.

Kwenu wazazi, nasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na vivyo hivyo ndivyo uzimwavyo, kwa mikono mingi. Kijana akisema ataka kazi hii, msimcheke wala msimtishe. Mwulizeni sababu yake, mkaisikilize mpaka mwisho. Kisha jioni hiyo hiyo tazameni nyumbani mwenu: dumu la petroli liko wapi, mshumaa huwekwa wapi watoto wakisoma, na mlango wa chumba chao wafunguka kwa upesi gani. Mambo hayo hayahitaji kungoja gari jekundu kutoka mjini.

Hayo ndiyo mawazo yangu ya juma hili. Wasalaam.